Msumeno wa Siku Sita kwa Mwaka

Mtu anayetaka kununua msumeno wa mnyororo kwa kazi za nyumbani huanza kwa kuuliza bei, kisha nguvu, kisha nchi ulikotengenezwa. Nilipoanza kuutafuta wangu, wenzangu waliniuliza hayo hayo. Lakini swali lililonisaidia kuliko yote lilitoka kwa mke wangu, ambaye hajawahi kushika mashine ya namna hiyo na wala hana nia. Aliniuliza: "Baba, huo msumeno utafanya kazi siku ngapi kwa mwaka?" Nikahesabu kwa vidole. Siku mbili za kupunguza matawi kabla ya mvua, siku mbili za kuni za akiba wakati wa kiangazi, na siku mbili za dharura, kwa maana upepo ukiangusha mti au jirani akifiwa. Jumla sita. "Basi," akasema, "tafuta ule unaojua kukaa."

Neno hilo lilinipa kipimo. Kila nilichokiona dukani na kila nilichoambiwa na mafundi nilikipitisha katika mizani hiyo: mashine itakayolala siku 359 na kuamka siku sita haichaguliwi kama mashine ya mpasua mbao, ambaye kwake siku za mapumziko ndizo za kuhesabu.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Vitabu huandika msumeno wa mnyororo. Mafundi wengi wa bara husema chenso, wala hawana habari na vitabu. Zanzibar huuita msumeno wa moto, na jina hilo mimi nalipenda kuliko mengine, maana halifichi kwamba ndani yake mna petroli inayowaka na kwamba kitu hiki si kaka yake ule msumeno wa seremala.

Hapa Ntalikwa tumo ndani ya Manispaa ya Tabora kwa karatasi, lakini kwa habari ya kuni tumo kijijini. Najua serikali inakotaka tuelekee. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziliagizwa kuacha kuni na mkaa kufikia mwisho wa Januari 2024, na mwaka huo huo ukazinduliwa mkakati wa taifa unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Sina ugomvi na jambo hilo. Kwetu mtungi wa gesi upo, nao huchemsha chai na kupasha mboga. Lakini maharage ya familia nzima, pombe ya kienyeji kwa wanaopika, na sufuria za msibani ambazo mtu mzima anaweza kukaa ndani yake, hizo bado ziko juu ya mafiga.

Wanyamwezi wa zamani hawakuhitaji msumeno wa aina yoyote. Shoka lilitosha, na chuma chake kilifuliwa na wahunzi wa huku huku magharibi. Kiswahili nacho kinakumbuka enzi hizo, kwa kuwa kuni bado "hutemwa". Wapo wanaosema kwamba jina la mtemi, mtawala wetu wa zamani, lilitokana na kitendo hicho hicho: aliyetangulia kulitema pori na kulifanya makazi ndiye aliyekuwa na haki ya kulitawala. Wengine husema ni kwa sababu yeye ndiye aliyekata mashauri. Maelezo yote mawili yananipendeza. Mtu mwenye shoka, akiisha kupiga mapigo hamsini, husimama kufuta jasho, na hapo hupata nafasi ya kufikiri kama kweli mti huu unastahili kuanguka. Msumeno wa moto hautoi nafasi hiyo. Mti wa unene wa paja huwa chini kabla mawazo hayajakamilika.

Na mawazo tunayo mfano wake karibu. Mwaka 1947 Waingereza walileta mpango wa karanga, na Urambo, katika mkoa wetu huu, ilikuwa moja ya sehemu tatu zilizochaguliwa, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Walikuja na matrekta ya kung'oa pori. Mizizi na visiki viliwashinda vyuma, mvua ikawashinda hesabu, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Baadaye Urambo ikawa nchi ya tumbaku, na mabani ya kukaushia tumbaku yakaendelea kuila miti kimya kimya, kwa shoka tu. Nayataja haya ili msomaji asidhani kwamba namlaumu msumeno peke yake. Shoka nalo lina dhambi zake. Tofauti ni mwendo.

Sasa nirudi uani. Nilichukua futikamba nikapima miti yangu mmoja mmoja, kwa kimo cha kifua. Hili ni jambo ambalo mwuza duka hatakuambia ulifanye, kwa sababu ukiisha kulifanya hutanunua anachotaka kukuuzia. Nina mijohoro ya mpakani, mikaratusi michache niliyoipanda upande wa bondeni, na miembe mitatu. Ukiacha miembe, hakuna mti uliozidi sentimeta 28 kwa upana, na matawi mengi hayafiki 15. Miembe miwili bado inazaa na haihusiki. Wa tatu ulikuwa umekauka, na upana wake ulikuwa kama mita moja.

Huo mwembe ndio unaowapotosha watu. Tabora ni mji wa miembe. Burton na Speke walifika hapa, wakati huo pakiitwa Kazeh, mwezi Novemba 1857, wakifuata njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, na wazee husimulia kwamba wapagazi na Waarabu ndio waliotuachia kokwa njiani. Ukienda Kwihara, kwenye tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872, utapata miembe ya kutosha kukufanya uamini hadithi hiyo. Basi mtu mwenye mwembe mmoja mkubwa uliokufa huenda dukani akiuwazia huo huo, akarudi na mashine ya kuangushia msitu, kisha mwaka mzima anaitumia kukatia vijiti. Mimi niliutoa mwembe katika hesabu. Nikamwita fundi mwenye msumeno mkubwa na mkono uliozoea, nikamlipa ujira wa siku moja, akauangusha upande nilioutaka na kuukata vipande. Mti hauendi ila kwa nyenzo, na nyenzo ya kazi ya siku moja katika maisha si lazima uwe nayo nyumbani.

Baada ya mwembe kutoka, hesabu ikawa nyepesi. Bamba refu ambalo mnyororo huzunguka juu yake ndilo linaloamua unene wa gogo. La inchi 14 ni kama sentimeta 35, nalo linatosha kwa kila kilichobaki uani kwangu. Injini ya kuliendesha bamba hilo ni ile ya sentimeta za ujazo kati ya 30 na 40, ambayo mafundi huitaja kwa "sisi". Misumeno ya shambani ina sisi 45 hadi 55 na bamba la inchi 16 hadi 20. Ya wapasua mbao huanzia 60 na kuendelea, na yako madubwana yanayopita 100. Stihl MS 170, ambao ni miongoni mwa midogo katika jamaa yake, una sisi 30 na uzito wa kama kilo nne bila bamba na mnyororo. Kilo nne si kitu asubuhi. Saa nane mchana, umeinama, mikono inatetemeka, kila gramu ina jina lake.

Mwuza duka mmoja mjini alinisukumia msumeno ulioandikwa sisi 58, wenye bamba la inchi 22, bei yake chini ya huo mdogo. "Mzee, huu ni mkubwa na ni rahisi, unataka nini tena?" Nilimwuliza kama ana mnyororo wa akiba, plagi na kamba ya kuvutia ya mashine ile ile. Hakuwa navyo. Nikamwuliza breki ya mnyororo iko wapi. Akanionyesha kishikizo cha plastiki kilichokuwa kinacheza kama jino la mtoto. Nikamshukuru. Kwa mtu wa siku sita, spea zinazopatikana Tabora mjini ni bora kuliko sisi 20 za ziada, kwa sababu mashine yake haitakufa kwa kazi. Itakufa kwa kukosa kijipira cha shilingi chache.

Napenda kujua vitu vilikotoka, na historia ya chombo hiki inanifurahisha. Andreas Stihl alipotengeneza msumeno wake wa kwanza huko Stuttgart mwaka 1926, ulikuwa wa umeme, ulikuwa na kilo 48, na ulishikwa na watu wawili. Wa kushikwa na mtu mmoja, wa petroli, ulikuja mwaka 1950 nao ulikuwa na kilo 16. Husqvarna ya Sweden ilianza mwaka 1689 kwa kutengeneza bunduki, na ilifika kwenye misumeno mwaka 1959. Lakini aliyenistaajabisha zaidi ni Joseph Cox, mkata magogo wa Oregon huko Marekani. Mwaka 1946 alimtazama funza wa mende wa miti akiutafuna mti mgumu, kushoto na kulia, bila kuchoka, akaiga mataya yake. Meno ya minyororo tunayotumia leo yametokana na mdudu huyo. Kwa hiyo kabla hujamtukana mdudu aliyekula boriti yako, kumbuka kwamba alifundisha.

Nimesema kuwa mashine hii itakaa. Kinachoiua inapokaa ni petroli. Injini yake haina oili ya kwake chini kama pikipiki nyingi za siku hizi. Oili huchanganywa na mafuta yenyewe, na kwa misumeno mingi ya sasa ni sehemu moja kwa 50, yaani mililita 20 kwa kila lita ya petroli, oili ya injini za mipigo miwili na si nyingine. Mchanganyiko huo ukikaa zaidi ya mwezi mmoja huanza kuharibika, na ndani ya kabureta huacha utando unaoziba vitundu vyembamba kuliko sindano. Ndiyo maana misumeno mingi ya nyumbani hugoma siku ile ile inayohitajika. Dawa yake ni rahisi na haihitaji fundi. Changanya lita moja tu, maliza kazi, mwaga kilichobaki kwenye kopo, kisha uiwashe iungurume mpaka ijizime kwa njaa. Petroli ya chupa inayouzwa vibandani naiogopa, kwa sababu sijui imekaa na nini.

Niliufikiria pia msumeno wa umeme. Mtu wa Isevya au Kanyenye, mwenye ua mdogo na soketi karibu, namshauri huo bila kusita: hauna kabureta, hauna mchanganyiko, unaweza kulala miaka miwili ukaamka kama jana. Lakini unavuta kama kilowati mbili, unahitaji waya mnene, na miti yangu iko mbali na ukuta wa nyumba. Wa betri ungefaa kwa kulala, na ni mkimya. Kilichonizuia ni betri yenyewe. Ikichoka, bei yake inakaribia ya mashine, na sikuona duka Tabora lililonihakikishia kuwa litakuwa nayo miaka mitano ijayo.

Kunoa ndiyo elimu ambayo wanunuzi huisahau. Msumeno mkali hutoa vipande vya mti kama punje za ulezi au kubwa zaidi. Ukianza kutoa vumbi kama unga wa sembe, acha, umekuwa butu. Tupa yake ni ya duara, na kwa minyororo mingi midogo ya nyumbani ni ya milimita 4. Kila jino lipigwe tupa idadi ile ile, upande mmoja wote kwanza, kisha mwingine. Usipofanya hivyo, msumeno utakata kwa kupinda kama ng'ombe mwenye jicho moja. Na hapa Ntalikwa tuna adui ambaye vitabu vya Ulaya havimtaji, naye ni mchwa. Gogo lililolala wiki tatu hupakwa udongo wote, na udongo ule una mchanga. Dakika moja ya kukata ndani ya udongo wa mchwa hugharimu robo saa ya tupa. Mimi hutangulia na panga, nikaukwangua kwanza pale mnyororo utakapopita. Miembe nayo hutunza misumari na nyaya za kuanikia nguo za mabibi zetu, zilizomezwa na gome zamani.

Juu ya hatari nitasema machache, lakini msomaji ayasome mara mbili. Ncha ya bamba, upande wake wa juu, ikigusa mti, msumeno hurudi nyuma kuelekea uso wako kwa kasi ambayo jicho haliwahi. Breki ya mnyororo iliwekwa kwa ajili ya dakika hiyo, na mashine ambayo breki yake haishiki haifai hata kwa bure. Usikate kitu kilicho juu ya bega. Usipande nao mtini wala kwenye ngazi. Masikio yazibwe, kwa kuwa kelele zake hupita desibeli 100. Suruali za kinga zina nyuzi ndefu ndani, ambazo mnyororo ukizigusa hujisokota humo na kusimama. Nilizinunua kabla ya msumeno, na mwuzaji akashangaa. Na katika nchi ya nyuki kama hii, mti wenye tundu huchunguzwa kwanza. Mtetemo na harufu ya injini huwaudhi nyuki, nao hawakuulizi kibali.

Haya yote niliyamaliza kwa wiki mbili. Lililobaki lilinichukua miezi, nalo si la mashine. Nani ataazima?

Kijijini chombo kikilala siku 359 hakilali peke yake. Kila mtu anajua kilipo. Hata kabla sijanunua, kijana mmoja alinijia jioni, akaketi vizuri, akaulizia afya ya watoto, kisha akauliza kama nitakodisha. Alikuwa anachoma mkaa. Sikumchukia, ana familia. Lakini nilijua msumeno huo ungekwenda wapi. Mninga huchukua miaka inayokaribia mia kufikia unene wa mbao, na ukikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu. Mininga ya porini haikatwi bila kibali. Sheria ya misitu ya mwaka 2002 ipo, na Wakala wa Huduma za Misitu wapo. Nami nilipita kwanza ofisi ya misitu kuuliza masharti ya kumiliki na kutumia chombo hiki, na namshauri kila mtu apite, kwa sababu masharti hubadilika. Lakini ofisi iko mbali na pori ni jirani. Mwenye msumeno ndiye kibali cha kwanza.

Jirani yangu mzee, mrina asali ambaye ametundika mizinga tangu ujana wake, alikuwa na neno zito zaidi. Nilimwendea asubuhi, tukaamkiana, nikamweleza nia yangu. Alinyamaza kidogo. "Mwanangu, mkaa sina shaka nao, wewe huwezi. Mimi naufikiria msiba. Sisi tukifiwa, vijana huenda kutema kuni, na aliyekuja na ambaye hakuja tunamjua kwa shoka. Sasa wewe utakata zote kwa nusu saa, na vijana watakaa kivulini na simu zao. Tutawajuaje?"

Sikuwa na jibu siku ile. Mtu aweza kucheka, akasema kuni ni kuni na mfiwa anataka ugali uive. Lakini ukikaa matanga utaona kwamba moto ule wa nje, wanaume wanapolala kuuzunguka, haukuwashwa kwa ajili ya joto peke yake. Nilirudi kwake baada ya muda na pendekezo: msumeno hautatoka kwangu bila mimi. Akiuhitaji mtu, ataniazima mimi pamoja nao. Na msibani nitakata magogo kwa kuvuka tu, urefu wa mkono mmoja, kazi ambayo shoka huipoteza kwa vibanzi. Kupasua kutabaki kwa mashoka. Mzee akauliza: "Na kubeba?" Nikasema na kubeba. Akakubali, ila akanitaka pia nisiuwashe karibu na mizinga yake wakati wa maua.

Yule kijana wa mkaa nilimjibu hivyo hivyo, kwamba ninakodishwa mimi na msumeno, mchana, kwenye shamba la mtu anayejulikana. Hajarudi.

Nikanunua mdogo, wa sisi 30 na kitu, bamba la inchi 14, katika duka lenye spea. Minyororo miwili, tupa mbili, plagi moja ya akiba. Unakaa stoo, tangi tupu, bamba limevishwa ala yake na mnyororo umepakwa oili, juu ya rafu ambayo watoto hawafiki. Msiba wa kwanza ulitokea wakati wa masika, kuni zote zimelowa. Nilikata mikaratusi niliyokuwa nimeianika chini ya bati tangu kiangazi, kwa dakika arobaini, nikauzima. Vijana saba walikuwa wamesimama na mashoka. Mmoja alikuwa ameazima la kwangu.